Fundi aliyekataa kujaza gesi: karakana ya Mwalimu wa mafriji, Oli, Arua

Karakana yenyewe haina kibao. Ukitoka soko kuu la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ukateremka kuelekea Oli, uliza kwa Mwalimu wa mafriji. Vijana wa bodaboda wanapajua. Ni chumba kimoja cha matofali chenye baraza la mabati. Siku nilipofika mara ya kwanza palikuwa na friji kama kumi na nne nje, milango wazi, kila moja imebandikwa karatasi: jina la mwenye mali, tarehe iliyoletwa, ugonjwa wake, na aina ya gesi. Karatasi zile zilinituliza moyo. Mafundi niliowazoea huweka kila kitu kichwani, na kichwa kikijaa, friji yako inasahaulika nyuma ya mlango.

Naandika haya kwa wenzangu wa samaki, wa juisi, wa maziwa, wa bucha, kila anayekula kwa sababu ana chombo kinachotoa baridi. Nitasema nilichofanyiwa, nilicholipa, na mambo ambayo hayakunipendeza.

Nauza sangara na ngege kutoka Panyimur, na mchana nauza karkade na juisi ya ukwaju. Nina friza mbili. Ile kubwa ya kulala, lita 300, ndiyo inayolisha nyumba. Ada za watoto zimetoka humo. Niliinunua mwaka 2018 kwa mfanyakazi wa shirika la misaada aliyekuwa akimaliza mkataba wake Yumbe. Haikunisumbua hata siku moja mpaka mwaka jana, ilipoanza kugandisha upande mmoja tu. Upande wa kushoto samaki ni jiwe, upande wa kulia unabonyeza kwa kidole na kidole kinazama.

Nikamwita fundi wa mtaani. Simtaji, kwa sababu ni kijana anayetafuta riziki na naamini alifundishwa hivyo hivyo. Akasema gesi imepungua, akajaza, dakika ishirini, shilingi elfu 80. Friza ikafanya kazi wiki saba. Akaja tena, elfu 80 nyingine. Safari hii wiki nne. Mara ya tatu akaniambia gesi yake imekwisha, ninunue mwenyewe yeye ajaze. Nikanunua sokoni kopo la buluu, elfu 65, limeandikwa R-134a, jina la aina ya gesi, sawasawa na maandishi ya kwenye kibandiko cha friza yangu. Nilijiona nimefanya la maana kwa kulinganisha herufi na namba. Akajaza, nikamlipa elfu 40, akaniachia kopo na masalio yake.

Siku ya kumi na moja kompresa ilikuwa imeshika moto hata mkono hauwezi kutulia juu yake. Inanguruma kidogo, inakata. Inanguruma, inakata. Usiku ikanyamaza. Ilikuwa imebaki siku mbili Idi ifike, na ndani mlikuwa na kilo 46 za sangara ambazo wateja walikuwa wameshazilipia nusu. Niliokoa kidogo kwa barafu ya jirani, waliobaki niliwakaanga usiku kucha na wengine nikawazika. Fedha za watu nilizirudisha zote, na wawili hawajarudi tena kwangu.

Ndipo mwenzangu wa bucha akanielekeza kwa Mwalimu.

Ni mtu wa makamo, mpole, anavaa miwani iliyofungwa uzi. Vijana wake wanamwita Mwalimu kwa sababu aliwahi kufundisha ufundi. Tulisalimiana, akaniuliza habari za nyumbani na biashara, halafu akaniuliza jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza. "Mama, hii imejazwa gesi mara ngapi?"

Nikasema mara tatu ndani ya miezi mitatu.

"Basi mimi sijazi ya nne."

Nilidhani ananifukuza. Akavuta stuli nikae, akanieleza taratibu kwamba gesi ya friji si kama petroli. Gari linachoma petroli, linamaliza, unaongeza. Friji haichomi gesi. Gesi inazunguka humo humo, kutoka kwenye kompresa, mabombani, na kurudi, na kama chombo ni kizima itazunguka miaka ishirini bila kuongezwa hata gramu moja. Ikipungua maana yake imetoka, na ikitoka kuna tundu. Anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia upepo. Nikamkumbuka yule kijana na elfu 80 zake mbili, nikanyamaza.

Kisha akauliza kopo liko wapi. Kwa bahati nilikuwa nimelibeba kwenye kikapu, nikidhani atatumia masalio anipunguzie bei. Hakuligusa siku ile. Aliliweka kivulini ndani ya chumba, akaning'iniza kipimajoto pembeni yake, akaniambia nije kesho saa moja asubuhi kabla jua halijapasha mabati.

Kesho yake nilishuhudia kwa macho yangu, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya. Ukutani amebandika jedwali lenye safu za namba. Kila gesi ya friji, ikiwa imetulia ndani ya chupa na sehemu yake bado ni kimiminika, ina shinikizo lake kwa kila nyuzi ya joto. Haibadiliki, iwe Arua au Ulaya. Kipimajoto kilisoma nyuzi 26. Akaniambia nitafute mwenyewe kwenye jedwali. R-134a kwa nyuzi 26 ni kama 85 kwenye geji, kile kipimo cha shinikizo, kwa psi. Akafunga geji kwenye kopo langu, akafungua taratibu, sindano ikapanda, ikapita 85, ikapita 100, ikaenda kusimama karibu na 140. Akaniambia nitafute 140 kwenye safu zile. Nikateremsha kidole. Kilisimama kwenye R-22, gesi nyingine kabisa ya mitambo ya baridi.

"134a siyo kabisa," akasema. "Inalingana na R-22. Kompresa yako ilikuwa inasukuma mzigo isiotengenezewa."

Sikuwa na la kusema. Nilinunua kwa uaminifu, maandishi yalikuwa sahihi, rangi ya kopo ilikuwa sahihi. Mwalimu akanionya kuhusu hiyo rangi. Zamani buluu hafifu ilikuwa ya R-134a na kijani hafifu ya R-22, na wengi wetu bado tunanunua kwa macho. Rangi haimzuii mtu kupaka, na hata viwanda vingi siku hizi vimeachana na utaratibu wa rangi.

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko friza yangu. Nilimuuliza mengi siku ile na alikuwa na subira ya kunijibu.

R-22 ina klorini ndani yake. Ikivujia hewani inapanda polepole mpaka juu sana, huko jua kali linaivunja, klorini inatoka, na chembe moja ya klorini inaharibu maelfu ya chembe za ozoni kabla haijatulia. Ozoni ndiyo inayotukinga na miale ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na kuleta mtoto wa jicho. Kabla ya R-22 friji za nyumbani zilikuwa na R-12, iliyo mbaya zaidi. Nguvu ya R-22 ya kuharibu ozoni ni kama sehemu moja ya ishirini ya R-12. Watafiti wa Uingereza walitangaza mwaka 1985 kwamba ozoni juu ya Antaktika inatoboka, na Septemba 16, 1987, miaka miwili tu baadaye, ikasainiwa Itifaki ya Montreal ya kuzuia gesi hizi. Uganda iliingia mwaka 1988. Leo nchi 197 na Umoja wa Ulaya zimo, hakuna nchi ya Umoja wa Mataifa iliyobaki nje.

Najua ozoni ya juu yetu huku karibu na ikweta haikuchakaa kama ile ya Antaktika. Lakini nina mjukuu mwenye ualbino, ana miaka sita. Kila asubuhi kabla ya shule nampaka mafuta ya kinga usoni, masikioni, nyuma ya shingo, na bado Ijumaa anarudi na pua imebabuka. Ngozi yake haina akiba. Nikiambiwa kwamba kule juu kuna kinga ambayo watu walikaa chini wakakubaliana kuitunza, na kwamba inapona, siwezi kulichukulia kama habari ya wazungu. Tathmini ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Januari 2023 inasema watu wakiendelea kushika masharti, ozoni itarudi kama ilivyokuwa mwaka 1980 karibu na 2040 sehemu nyingi za dunia, na Antaktika karibu na 2066. Mjukuu wangu atakuwa mtu mzima mwenye watoto. Kopo langu la elfu 65 lilikuwa upande wa wanaovunja masharti, bila mimi kujua.

Kwa nchi zetu zinazoendelea, R-12 ilitakiwa kukoma kuzalishwa na kuingizwa tarehe 1 Januari 2010. R-22 na jamii yake zilitakiwa ziwe zimepunguzwa kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na 2030 ndiyo mwisho, isipokuwa kiasi kidogo sana cha kutengenezea mitambo iliyopo hadi 2040. Kwa hiyo gesi hii haiingii nchini kama sukari. Sheria ya Uganda inataka mwingizaji awe na leseni ya NEMA, Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, na watu wa forodha wanatakiwa kuiona leseni hiyo kabla mzigo haujapita. Chupa ikiandikwa jina la gesi nyingine inapita kwa jina hilo, na kiwango cha R-22 cha nchi kinaonekana hakijaguswa. Kibandiko cha uongo kinamwibia mnunuzi na kinaidanganya hesabu ya nchi pia. Sisi wa Arua tunaishi mlangoni, Kongo iko hapo Vurra, Sudan Kusini iko juu ukipita Koboko. Tusipokuwa wakali sisi wanunuzi, hakuna askari wa mpakani atakayeweza kufungua kila kopo.

Nilimuuliza Mwalimu kama geji yake ingegundua kila udanganyifu. Akasema hapana, na hapo nikamheshimu zaidi. Wako wanaochanganya gesi iitwayo methili kloridi, R-40, pamoja na R-22, kwa vipimo ambavyo shinikizo linatoka sawa na la R-134a. Sindano itasimama palepale panapotakiwa. R-40 ina sumu, inashika moto, na ikikutana na alumini ndani ya kompresa inazaa kitu kinachowaka chenyewe kikiguswa na hewa. Mwaka 2011 kontena za baridi za meli zililipuka mikononi mwa mafundi kwa sababu hiyo, watu watatu wakafa, Vietnam na Brazil. Kuna mashine ya kutambua mchanganyiko, maafisa wa forodha hufundishwa kuitumia, ila bei yake haifikiki kwa karakana ya mabati. Kwa hiyo Mwalimu ananunua gesi yake Kampala kwa muuzaji mwenye leseni tu, silinda ya kilo 13.6 ikiwa na muhuri, na anaweka risiti kwenye faili la kijani. Nilipoomba kuiona ile ya silinda atakayotumia kwangu, alinipa faili bila kununa. Mimi ni mfanyabiashara, najua jinsi mtu anavyonuna akiombwa risiti.

Sasa kazi yenyewe.

Kwanza hakuachia gesi hewani. Wengi wetu tumewaona mafundi wakikata mrija, inapiga mluzi "fyuuu", watoto wanacheka, kazi inaendelea. Yeye ana mashine ya kunyonya, aliipata baada ya mafunzo ya mafundi wa baridi. Akainyonya ile R-22 ya ndani ya friza yangu pamoja na masalio ya kopo, akaviingiza kwenye silinda moja ya kijivu yenye shingo ya njano, akapima uzito, akaandika daftarini. Ilichukua kama saa nzima na hakunitoza kitu. Kilo moja ya R-22, aliniambia, inapasha dunia joto sawa na kilo 1,810 za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka mia moja. Hata R-134a, isiyogusa ozoni, ni 1,430. Ndiyo maana mwaka 2016, tarehe 15 Oktoba, nchi zilikutana kwa jirani zetu Kigali wakakubaliana nayo ianze kupunguzwa. Nchi kama yetu zilitakiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, na kushuka kwa asilimia 80 ifikapo 2045.

Halafu akajaza naitrojeni kutafuta tundu. Kijana mmoja anayejifunza aliuliza kwa nini wasitumie oksijeni ya kuchomelea, ipo hapo hapo. Mwalimu aliacha kazi, akamwita na wenzake wote, akawaambia oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa kwa shinikizo inalipuka, na kwamba yeye hatamzika mtoto wa mtu kwa ajili ya friji. Aliyasema kwa sauti ya chini, na vijana walimsikia.

Wakapaka povu la sabuni kila kiungo. Mapovu madogo yakatoka chini, karibu na kompresa, mahali nisipopafikiria. Friza ya kulala ina tundu la kutolea maji. Maji yangu ya samaki, yenye chumvi na magamba, yalikuwa yakidondoka kidogo kidogo juu ya kiungo cha mrija miaka yote hiyo, yakaula. Yule fundi wa kwanza angeinama na tochi angeona kutu ya kijani. Mwalimu alikata kipande, akachomelea kipya, akabadilisha draya, kile kichujio kinachofyonza unyevu, na bila mimi kumwambia akafunga bomba la plastiki kwenye tundu la maji likatoke nje kabisa. Bomba hilo limenigharimu shilingi elfu 3. Wauza samaki wenzangu, angalieni chini ya friza zenu leo hii.

Kompresa ya zamani ilikuwa imekufa, akaweka mpya ya R-134a. Akaacha naitrojeni ndani siku nzima na usiku, sindano haikushuka hata unywele. Ndipo akafunga pampu ya kuvuta hewa, saa moja na zaidi, kwa sababu mafuta ya kompresa hizi yanafyonza unyevu upesi, na unyevu ukibaki unaganda kwenye mrija mwembamba au unageuka asidi. Mwisho akaweka silinda juu ya mizani, akajaza gramu 160 kama kibandiko cha friza kinavyosema. Yule wa kwanza alikuwa akijaza kwa kusikiliza.

Nilimwuliza kwa nini asiniwekee ile gesi mpya ya friji za kisasa, R-600a, ambayo haigusi ozoni na joto lake ni kama 3 tu ukilinganisha na zile elfu na kitu. Akakataa tena. Gesi ile inawaka, ni ndugu ya gesi ya kupikia. Friji iliyozaliwa nayo imepangwa swichi na nyaya zake zisitoe cheche mahali pabaya, na inabeba gramu chache tu. Yangu haikupangwa hivyo. Akanishauri friza nitakayonunua baadaye iwe na kibandiko cha R-600a na alama ya moto, na nisimruhusu mtu yeyote kuichomelea gesi ikiwa bado ndani.

Bei: kompresa 320,000, gesi na draya na naitrojeni na vifaa vya kuchomelea 120,000, ufundi 110,000. Jumla 550,000. Ni fedha nyingi kwa muuza samaki. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimetoa 265,000 bila kupata friza, mbali na samaki. Aliniandikia kila kitu kwenye karatasi mbili, moja yake moja yangu, pamoja na dhamana ya miezi sita.

Yasiyonipendeza. Siku tisa! Alisema nne. Kompresa ilichelewa kwenye basi kutoka Kampala, hilo nalielewa, ila simu hapokei akiwa kazini, na mimi nilikuwa nalipa nafasi kwenye friza ya mtu kila siku. Angeweka kijana mmoja wa kupokea simu. La pili ni zito kidogo: silinda za gesi alizokusanya zinakaa nyuma ya karakana, kwenye kizimba cha nondo ambacho jua la saa nane linakipiga moja kwa moja. Mtu anayejua shinikizo linavyopanda na joto hapaswi kuziweka pale. Nilimwambia, kwa adabu. Alikubali, akasema ataezeka. Nilipopita wiki mbili baadaye kulikuwa na bati moja juu, upande mmoja bado wazi. Na silinda hizo zikishajaa hapa Arua hakuna pa kuzipeleka, hivyo zinamsubiri mtu wa Kampala. Kwa kweli hilo si kosa lake. Wenye mamlaka wanaotufundisha kutoachia gesi hewani watuletee na mahali pa kuipokea, hata mara moja kwa mwaka.

Jambo moja zaidi, kwa sababu najua tulivyo. Karibu kila muuza samaki hapa ana gamba la friji kuukuu analotumia kama sanduku la barafu. Mimi ninalo. Mwaka 2009 Serikali ilipotangaza kupiga marufuku kuingiza friji zilizotumika nililalamika sana, nikiona wanatunyima vya bei rahisi. Sikujua kwamba nyingi za zama zile zilikuwa zinatupwa kwetu na R-12 yake. Na si mabombani tu, lile sponji la njano ndani ya kuta za friji za zamani lilipulizwa kwa gesi ya jamii hiyo hiyo, na sehemu kubwa bado imo humo. Mwalimu anasema likiendelea kuwa sanduku, zima, halina shida kubwa. Shida ni vijana wa vyuma chakavu wanaolipasua na kuchoma sponji ili wapate bati. Tangu aniambie, nimekataa kuuza la kwangu mara mbili, na la jirani nimeliombea lisichomwe.

Friza yangu sasa ina miezi mitano. Pande zote mbili ni jiwe. Kompresa unaweza kuiwekea kiganja ukasoma Fatiha yote.

Mwalimu anafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Ijumaa anafunga saa sita kwa ajili ya swala, Jumapili hayupo. Kwa friji ndogo ya soda pengine utaona bei inauma, na kama una haraka ya siku mbili atakuudhi. Kwa friza ya biashara sitakwenda kwingine. Nenda asubuhi, mpelekee picha ya kibandiko kilicho nyuma ya friza, na kama uliuziwa kopo sokoni, libebe hata kama limebaki robo.